Magogo ya Msiba Hayana Mwenyewe

Jumapili, 14 Novemba 1954

Mume wangu Mansuetus ameondoka asubuhi kwenda misa akiwa mkulima, amerudi mchana akiwa mwenyekiti. Mimi nilibaki nyumbani na mtoto wetu Kunigunda aliyekuwa na homa, la sivyo ningekaa mahali anaponiona, nimkazie macho mpaka akatae.

Ilikuwa hivi. Baada ya misa watu walizuiwa uwanjani. Mtu wa ofisi ya Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, akasema chama cha wakulima kimepata lori. Msimu ujao litakwenda kuchukua kahawa kwenye kila mlima wenye barabara. Mlima usio na barabara, watu wake wabebe kichwani kama zamani. Serikali inatoa sururu na makarai, mikono itoke kwetu, bure, na kila mahali pawe na kamati ya kujitolea. Mansuetus akasimama kuuliza swali moja tu. Huku kwetu ukisimama kuuliza swali, umejichagulia kazi.

Nimemwambia, "Baba Kunigunda, na kifua chako?"

"Mwenyekiti anasema tu, Mama Kunigunda. Wanaochimba ni wengine."

Namjua. Tangu arudi kutoka vita vya Wazungu huko Bama, alikokwenda na askari wa keya, mvua ikimnyeshea kidogo anakohoa wiki nzima, na hata hivyo hajawahi kusimama pembeni ya watu wanaochimba. Lakini najua pia kwa nini hakukataa. Wifi yangu Tadea, dada yake, mimba yake iliharibikia njiani akiwa na gunia la kahawa kichwani, na hakupata nyingine. Mansuetus alikuwa mbele yake na gunia lake mwenyewe. Alipogeuka, Tadea ameshakaa chini.

Jumanne, 16 Novemba

Mvua ya kwanza. Kumbikumbi wameruka, Kunigunda amepona ghafla ili akawakamate.

Jumatatu, 22 Novemba

Kamati imekaa uani kwetu. Nimepika ugali na maharage na pombe ya ulezi, maana mkono mtupu haulambwi. Mwalimu Isidori wa shule ya misheni ndiye karani. Kaka yangu Flaviani naye alivuka kijito akaja na wazee wake.

Niandike mambo yalivyo, huenda siku moja Kunigunda atasoma. Sisi tupo kwenye ntambo ya Lihongo. Ntambo ni mgongo wa mlima, kijito huku na kijito kule, na juu yake ukoo mmoja. Ng'ambo ni ntambo ya Mbuta, nilikozaliwa, na Flaviani ndiye mkubwa wa ukoo kule. Kati yetu unapita Lukimba, kijito cha kuvuka juu ya mawe wakati wa kiangazi na cha kukitazama tu kikijaa. Barabara kuu, ile inayoshuka ziwani mpaka Liuli, ipo nyuma ya Mbuta. Kwa hiyo lori likija kwetu ni lazima lipite kwa kaka yangu.

Ugomvi ulikuwa juu ya pombe. Kazi ya pamoja kwetu ni ngokela: mwenye shamba anapika, majirani wanakuja na majembe, jioni wanakunywa, kesho ni zamu ya mwingine. Sasa barabara haina mwenye shamba. Nani apike? Walizunguka hapo mpaka ugali ukapoa. Ndipo Mansuetus akasema, "Kila ntambo ichimbe kipande kilicho juu yake na ipikie watu wake. Hakuna atakayesema mwenzake kamtegea."

Walipiga makofi. Flaviani alimshika mkono akamwita shemeji mwenye akili. Mimi mwenyewe, nikigawa pombe, nilijisikia vizuri kuwa mke wake.

Ijumaa, 3 Desemba

Mahindi yameota kwenye ngoro zote, mashimo yetu ya kulimia mlimani, isipokuwa zile za Tadea, panya wamefukua.

Jumamosi, 11 Desemba

Wameanza. Lihongo upande huu, Mbuta upande ule, na wote wanaonana kwa kuwa milima inatazamana. Watu wa kwetu wakiimba, wa kule wanajibu. Leo Mbuta wameimba kwamba Lihongo wanachimba kama wanatafuta fuko. Watu wa huku wamekasirika wakachimba mpaka giza. Mansuetus anacheka, anasema kamati bora kuliko zote ni wivu.

Anachimba, bila shaka. Nani alisema mwenyekiti anasema tu?

Jumamosi, 25 Desemba

Noeli. Baba Kunigunda kaninunulia kitenge cha buluu. Kanisa lilijaa, matope mpaka altareni.

Jumapili, 9 Januari 1955

Barabara yetu imefika Lukimba. Barabara ya Mbuta ilifika Lukimba jana. Zinatazamana, nyekundu, safi, na katikati maji.

Tulitoka misa tukashuka wote kutazama. Kila mtu alikuwa na furaha mpaka Tadea, ambaye hakusoma hata darasa la kwanza na hana muda wa kuficha anachofikiri, akauliza, "Na hapa katikati ni kwa nani?"

 Mansuetus alimtazama Isidori, Isidori akatazama karatasi zake kama vile kijito kimeandikwa humo. Kila ntambo inaishia kwenye maji. Ndivyo ntambo ilivyo. Tuligawana milima yote, na kijito hakikumwangukia mtu. Wageni wangegawa kwa urefu wa kamba, wakaliona daraja tangu siku ya kwanza. Sisi tuligawa kama mababu walivyogawa.

 Wakati wa kula Mansuetus alisema, "Si neno. Magogo machache, kazi ya asubuhi moja."

 Mimi nimezaliwa ng'ambo, nayajua ya Lukimba kuliko yeye.

Jumatano, 12 Januari

Tumekwenda kwa kaka, mimi na Mansuetus. Nilipiga goti, nikamwamkia, akatukaribisha vizuri, akamchinjia shemeji yake kuku. Baada ya kula akasema asilotaka kulisema.

"Shemeji, wewe unajua ninavyokupenda. Lakini gogo lina maneno yake. Babu yangu na babu yako walipigana kwa ajili ya kingo hizi, watu wakafa. Walipopatana walisema hivi: anayelaza gogo mpaka kingo ya mwenzake, ameidai kingo hiyo. Ukilaza wewe, watu wangu watasema Lihongo wanaidai Mbuta. Nikilaza mimi, watu wako watachukua mashoka."

"Hayo ni ya babu zetu, shemeji. Hili ni la lori."

"Lori lina ukoo gani? Likiondoka, tunabaki sisi."

Mansuetus alinitazama nimsaidie. Nilimwambia kaka kwamba watoto wa nyumba zote mbili ni damu moja. Flaviani akanijibu kwa upole uleule anaomkatalia nao mtu chumvi, "Dada, wewe ulivuka maji. Sisi tulibaki."

Nimelala na hasira naye. Alikuwa hivyo tangu utotoni, hawezi kuvunja fimbo mpaka aulize ilikuwa ya nani.

Alhamisi, 20 Januari

Jumbe amekuja kuamua. Amekula, amesema umoja ni nguvu na kidole kimoja hakivunji chawa, ameondoka. Hakuamua.

Jumatano, 2 Februari

Mvua. Mvua. Mvua.

Jumatatu, 14 Februari

Vijana wetu walichoka kungoja, jana wakalaza gogo bila kumwambia mwenyekiti. Leo asubuhi tumelikuta upande wetu, limewekwa vizuri kando ya barabara, hata gome halikuchubuka. Mbuta hawakulitupa majini. Walilirudisha kama mtu anavyorudisha mbuzi wa jirani aliyepotea. Hilo liliwauma vijana kuliko matusi.

Mansuetus amezunguka siku nzima, nyumba kwa nyumba, kuwaomba watulie. Amerudi amelowa. Nimemkanda kifua kwa mafuta. Kamati haina askari wala mshahara, ina miguu ya mume wangu tu.

Jumatano, 23 Februari, Majivu

Tumepakwa majivu. Njiani kurudi akasimama kijitoni muda mrefu, na alama nyeusi kwenye paji. Akasema, "Mama Kunigunda, katikati ya maji hakuna ntambo."

Alichofikiri ni hiki. Huko Bama aliona askari wa madaraja wakifunga kichaga cha miti, wakakizamisha mtoni, wakakijaza mawe mpaka kikawa nguzo. Akijenga nguzo katikati ya Lukimba, gogo la Mbuta litaishia kwenye nguzo, na gogo la Lihongo litaishia kwenye nguzo. Hakuna gogo litakalogusa kingo ya mwenzake.

Nilifurahi, nasema kweli. Tulikwenda kwa Flaviani palepale na majivu yetu usoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mawe utayaweka wewe, shemeji. Gogo langu likilala juu ya jiwe lako, limelala kwako. Wazee hawatakubali."

"Na wewe?"

"Mimi ni mdomo wao."

Mansuetus akaaga. Nje akaniambia, "Wakiiona imesimama watakubali. Mtu hukataa neno, kitu kilichosimama hukizoea."

Nilimwambia maji ya mwezi wa tatu ni baridi kama kisu. Akasema ataingia kidogo kidogo.

Ijumaa, 4 Machi

Ameingia majini.

Jumamosi, 5 Machi

Ameingia majini. Isidori alimsaidia kidogo, akatoka anatetemeka, amesema ana masahihisho.

Jumanne, 8 Machi

Wakati wa ngoro mpya umefika na kamati nzima imekwenda mashambani. Siwalaumu. Nyasi zisipolazwa sasa, maharage yatapandwa wapi? Wanafyeka, wanazilaza miraba miraba mlima mzima, wake zao wanafukia udongo. Mimi ninafyeka na kufukia vyote viwili, pamoja na Kunigunda, maana mume wangu yupo majini na nguzo yake. Nimefoka leo. Nimemwambia ana mke na mtoto, hakuoa barabara. Alikula. Baadaye alichukua mikono yangu akaitazama malengelenge, akasema, "Mwaka huu tu. Mwakani gunia halitapanda kichwani kwako tena." Sasa nifoke vipi?

Alhamisi, 17 Machi

Ameingia majini. Ng'ambo, Flaviani alikuwa amekaa juu ya jiwe akimtazama, peke yake, tangu asubuhi mpaka mchana.  Nilimchukia.

Jumapili, 27 Machi

Nguzo imetokeza juu ya maji. Tulishuka baada ya misa, watu wakaishangaa, wakampa mkono. Mbuta nao walisimama ng'ambo wakaishangaa. Kisha kila mtu akarudi kwake. Hakuna aliyekwenda kutafuta gogo.

Anakohoa.

Ijumaa, 1 Aprili

Homa. Anasema kichomi kipo upande wa kulia, kama amelalia kisiki. Mganga wa dispensari ya misheni amekuja akamchoma sindano. Mvua haikati.

Jumapili, 17 Aprili

Nimerudisha mkono kwenye karatasi. Pasaka imepita, sikuiona.

Mansuetus alikufa Jumanne tarehe tano, mchana, mvua ikinyesha. Tadea alimshika kichwa, mimi nilishika miguu, ilikuwa ya baridi kabla hajaondoka. Aliniuliza kama maji yameifunika nguzo. Nilimwambia hapana, ingawa sikuwa nimeiona tangu Ijumaa. Akasema, "Basi." Hakusema lingine, wala hakuniaga. Nimemtafutia maneno ya mwisho kichwani, ya kumpa Kunigunda, na sina, nina "basi" tu.

Ngoma ya msiba ilipigwa, Mbuta wakasikia. Lukimba ilikuwa imejaa, hata njia ya mawe kule juu, tunayovukia wakati wa mvua, haikupitika. Huku wakasema tutazika bila wakwe. Mimi nilikuwa mkekani, sikusikia chochote isipokuwa Tadea. Asubuhi yake wakati jeneza linapigwa misumari, tukasikia mashoka ng'ambo.

Waliokwenda kuona ndio walionisimulia. Flaviani alikuwa amevua shati, yeye na wanaume wote wa Mbuta, wanaangusha miti. Walilaza magogo kutoka kingo yao mpaka kwenye nguzo ya mume wangu. Watu wetu nao, bila mtu kuamrisha, wakakata na kulaza kutoka kingo yetu mpaka nguzoni kuwapokea. Kabla jua halijafika katikati, Mbuta yote, wanaume, wanawake, wazee wanaoshikwa mkono, walikuwa wamevuka. Mwanamke wa kwanza kuingia alikuwa mke wa Flaviani, na kuni kichwani na kilio mdomoni.

Maana kuna neno jingine la babu zetu ambalo hakuna aliyelitaja uani kwetu, wala kwa Jumbe, wala siku ya Majivu, kwa kuwa nani angelitaja? Magogo ya msiba hayana mwenyewe. Mtu akifa, atakayekuja kulia ana ruhusa ya kulaza gogo popote, hadai kitu. Yanalala hapo mpaka matanga yanapoanuliwa, kisha waliolaza wanayaondoa na kila mtu anarudi kwake.

Kwa mtu aliye hai walikosa gogo miezi mitatu. Kwa maiti walipata msitu mzima kwa asubuhi moja. Wakati wa kuzika Flaviani alilia kwa sauti, mpaka wakamshika. Nilimtazama kaka yangu akilia nikataka kumpiga, na nikataka anibebe mgongoni kama zamani, yote kwa pamoja.

Jumapili, 24 Aprili

Huku mjane anakaa mkekani katika kaniki yake. Hachani nywele, hashiki jembe, havuki ua. Siku ya kuanua matanga ndugu zake wanamnyoa, wanamwogesha, wanamsimamisha. Siku hiyo anaitaja mwenyewe, maana kilio ni chake. Wengi wanangoja siku arobaini.

Flaviani alikuja leo. Alikaa mbele ya mkeka, akaitoa kofia. "Pole, dada."

"Nimepoa, kaka."

"Wazee wamenituma. Wanauliza tuanue lini."

Niliona macho yake yakishuka kuelekea kijitoni, mara moja tu, yakarudi. Na mimi nikaona kama ameniwashia taa. Nikianua, magogo yanaondoka. Nguzo itabaki katikati ya maji, jiwe la mtu mmoja, na kahawa itaiva baada ya mwezi.

Nilimwambia, "Bado nalia."

Alinitazama. Ana macho ya baba yetu. Akavaa kofia yake, akasema, "Basi lia, mdogo wangu. Mimi sina haraka." Akaenda.

Jumatano, 11 Mei

Isidori si mjinga kama nilivyofikiri. Amewaambia watu wa milima yote miwili kwamba anayekuja kuhani kwa Mama Kunigunda asilete kuni za kupikia, alete gogo, aliache kijitoni. Watu wanakuja kunipa pole mchana kutwa. Hata waliokwisha kuja wanarudi. Mzee mmoja wa Mbuta amekuja mara tatu, na mara ya tatu nadhani hakukumbuka ni nani aliyekufa. Daraja limenenepa, wameweka udongo na changarawe juu. Nami naketi hapa napokea pole kama mtoza kodi.

Kamati iliyoshindwa kukusanya watu kumi wakati wa ngoro, sasa ina watu wengi kuliko inavyoweza kulisha. Angewaona, angecheka mpaka akohoe.

Jumapili, 15 Mei

Siku arobaini zimetimia leo. Padri amekuja baada ya misa. Amesema kanisa halipendi matanga marefu, marehemu ameshaombewa. Nikamwambia, "Baba, bado nalia." Akaniuliza kama ninalia kweli. Nikajibu anitazame nywele zangu. Alinibariki akaondoka, hakuridhika.

Ijumaa, 27 Mei

Leo Tadea amepasuka. Maharage yangu yote ameyavuna yeye na Kunigunda, na ya kwake yameozea shambani. Alisimama mlangoni na jembe.

"Wifi, ndugu yangu alikuwa wangu kabla hajawa wako. Mimi nimelia nikamaliza, ninalima. Wewe umekaa. Watu wanasema umependa kukaa."

"Nikisimama, magogo yanaondoka."

Alikuwa hajafikiria. Niliona linamwingia pole pole. Aliweka jembe chini, akakaa kwenye ncha ya mkeka wangu, mahali ambapo asiye mjane hakai.  Baadaye akasema, "Gunia langu mwaka ule lilikuwa zito sana, wifi," neno ambalo hajawahi kuniambia tangu niolewe hapa. Nilimshika mkono. Alirudi shambani kabla jua halijazama, na tangu saa hiyo anayenisema lazima aseme mbali naye.

Jumatatu, 6 Juni

Baridi imeshika, ukungu mpaka saa nne. Kahawa imekuwa nyekundu. Miti yetu inachumwa na wengine, naisikia midundo ya matunda yakiangukia ndoo.

Jumapili, 19 Juni

Lazima niandike jambo la aibu. Siku hizi najikuta nalia kwa ratiba. Nikisikia mgeni uani naanza. Nalia kwa ajili ya magogo, nikiacha nahesabu wiki zilizobaki lori lije. Lile daraja lilimla mume wangu, na mimi ndiye ninayelilinda kama kuku anavyolinda mayai ya bata. Usiku nikitaka kumlilia yeye, Mansuetus, mtu mrefu mwenye kovu kidevuni, machozi hayapo. Yote yametumika mchana. Namkumbuka barabarani, namkumbuka majini, namkumbuka kwenye kamati. Nikijaribu kumkumbuka hapa ndani anakula, simwoni vizuri. Naogopa.

Jumanne, 28 Juni

Baadhi ya wazee wa Mbuta wamekuja na hasira, wanasema mjane anawachezea, matanga gani haya yanayopita mavuno. Flaviani aliwapokea nje ya ua wangu. Nilisikiliza kupitia ukuta.

"Dada yangu bado analia," alisema.

"Mpaka lini?"

"Mmewahi kumwuliza mjane mpaka lini?"

"Flaviani, wewe ndiye uliyesema gogo lina maneno yake."

"Nilisema. Na la msiba lina yake. Atakayeligusa gogo kabla dada yangu hajanyoa, amemfukua shemeji yangu."  Kisha akasema polepole, na nadhani alisema kwangu, si kwao, "Nilikaa kwenye jiwe nikamtazama anajenga. Nilitaka kuingia majini nimsaidie. Nilitafuta neno la kunipa ruhusa, sikulipata. Yeye alikuwa anakohoa, mimi natafuta neno."

Waliondoka. Hakuingia ndani. Nimemchukia miezi mingi, na kwa muda huo wote yeye amekuwa akijichukia zaidi yangu. Nimemwomba Tadea ampelekee maji ya kunywa.

Jumamosi, 9 Julai

Lori limekuja.

Tulilisikia mbali, kabla ya saa sita, likipanda mgongo wa Mbuta. Kunigunda aliniomba ruhusa akakimbia bila kuisubiri. Ua wote ulibaki mtupu, hata bibi kizee wa jirani alishuka na fimbo yake. Mimi siruhusiwi kuvuka ua, kwa hiyo nilibaki mkekani, mlango wazi. Kutoka mkekani unaona mgomba na kipande cha anga.

Likanyamaza. Nikajua limefika kijitoni na dereva ameshuka kutazama. Kimya kikawa kirefu. Kisha likaunguruma tena, taratibu, na nikasikia magogo yakilia chini yake. Halafu sauti ikabadilika, ikawa ya udongo, ikawa ya upande wetu. Watu wakapiga vigelegele. Nilisikia jina lake. Walikuwa wanaliimba jina la mume wangu na kupiga makarai.

Nikageuka kumwambia. Niligeuka kabisa, upande wa ukutani anakokaa akifunga kiatu, na mdomo ulikuwa umeshafunguka: Baba Kunigunda, limevuka.

Hapo ndipo nilipomwona vizuri, kwa kuwa hayupo. Nililia mpaka nikauma kaniki. Sikuwa na mgeni uani, wala wa kunisikia, kwa sababu wote walikuwa wanacheza barabarani.

Jioni Tadea alirudi mabega wazi, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Kahawa yake yote imekwenda na lori. Alisema Flaviani alisimama kando ya daraja muda wote, hakucheza, na atakuja kesho baada ya misa, maana wazee wamemtuma tena aulize matanga yanaanuliwa lini.

Aje. Nitamwambia lilelile nililomwambia siku zote, na kesho litakuwa kweli tupu. Bado nalia.